Viatu vya gofu vya mtumba elfu 35: shimo la sita tu vikafungua mdomo

Wakuu salama? Niliahidi mrejesho wa vile viatu vyeupe vya gofu nilivyonunua mtumbani, haya naleta. Nyota mbili kati ya tano, na hizo mbili ni za ngozi ya juu tu.

Huku kwetu mvua inaanza mwezi wa 11 mpaka wa 4 au wa 5 huko, kipindi chote hicho gofu naweka pembeni, maana mimi nipo Mbeya na uwanja ninaochezea uko Mufindi katikati ya mashamba ya chai, nani apande basi mpaka Mafinga akalowe. Sasa mwezi wa pili nikapita sokoni wanafungua belo, nikaviona. Ngozi kabisa, njumu za plastiki meno yote yapo, ndani hata alama ya kidole hakuna. Jamaa akaniambia kaka hivi havijavaliwa, mzungu alinunua akafa. Alianzia 60 nikamshusha mpaka 35, nikaondoka najiona mjanja, nikavifunga kwenye mfuko wa nailoni nikasukuma chini ya kitanda mpaka mwezi wa sita.

Raundi ya kwanza basi. Asubuhi ukungu mzito, baridi ile ya Mufindi inayoingia mpaka kwenye meno, kedi, yaani anayenibebea begi la fimbo, ananipokea na salamu yake ya kamwene halafu anaangalia miguu, "leo bosi umependeza". Na niseme ukweli, mashimo ya mwanzo vilinifurahisha. Nyasi zote umande na pale tii ya kwanza, pa kuanzia kupiga, pana kamteremko, mwaka jana nilivaa raba nikawa kila nikizungusha fimbo mguu unaenda na maji, safari hii mguu ulikaa palepale. Mpira ndo haukwenda kokote ila hilo silaumu viatu, mpira wa baridi huwa hauruki vizuri na mimi mwenyewe miezi sita sijashika fimbo. Shimo la tatu mpira ukazama kwenye feawei (zile nyasi fupi za njia ya kwenda shimoni) iliyolainika ukabaki kisogo tu, kedi akanikumbusha hiyo unautoa bure bila adhabu, unaudondosha kutoka usawa wa goti, mimi nilishaanza kuuchimbua kama naokota kiazi.

Shimo la sita ni kupanda. Nikahisi mguu wa kulia umeingia baridi ghafla, nageuka naona soli imelala hatua mbili nyuma yangu, imetulia, njumu zake zimeangalia juu. Kedi alicheka mpaka akaweka begi chini. Akatoa mpira wa kufungia mzigo kwenye baiskeli akanifunga mguu, tukaenda, shimo la nane wa kushoto nao ukajibu. Kufika grini, pale kwenye nyasi laini zenye shimo, nadondosha chembechembe kama mkate uliokauka, nasukuma mpira huku nafagia.

Mimi nilidhani ni gundi, kumbe sio. Lile tabaka laini katikati ya soli viatu vingi vya michezo ni poliyurithani, aina ya plastiki ya povu, na hiyo kitu inaozeshwa na unyevunyevu wa hewa taratibu miaka na miaka, hata kiatu kikae kwenye boksi bila kuvaliwa. Kwa hiyo "havijavaliwa" ambayo mimi niliona sifa ndo ilikuwa dalili ya uzee! Na mimi nikaviongezea mfuko wa nailoni msimu mzima wa mvua. Ukienda kununua usiangalie ngozi, bonyeza pembeni ya soli kwa ukucha, ikiacha shimo au ikimeguka rudisha, halafu kunja kiatu mbele ya muuzaji, kikitoa nyufa ujue hicho ni cha maonyesho.

Uwanja una mashimo 9 unazunguka mara mbili kupata 18, mzunguko wa pili nimeucheza na mabuti ya mvua ya kijana anayekata nyasi, namba kubwa kuliko mguu wangu. Mzunguko wa kwanza na viatu vya marehemu mzungu nilipiga mapigo 63. Wa mabuti nikapiga 55, na gofu machache ndo bora. Sina maelezo, msiniulize.

Nimerudi kwa muuzaji, kasema mtumba hauna garantii kaka, akanishushia pea nyingine nichague kwa elfu 20, nikabonyeza kwa ukucha, ukucha ukazama. Hata yeye akanyamaza kidogo.

Viatu saa hizi viko kwa fundi viatu pale Mwanjelwa, hapa Mbeya. Kasema ngozi bado miaka kumi, atanishonea soli ya tairi kwa elfu 12 na kuchonga meno kwa kisu. Kwa hiyo raundi ijayo nacheza na katambuga, kedi nishamwambia aje na kamba yake ya baiskeli.