TAHADHARI: Laptopu za gemu "zisizopata moto" pale Kariakoo, unauziwa prosesa iliyobanwa

Wakuu, kuna muuzaji wa laptopu za gemu za mtumba anayetangaza Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp, wateja anawapokea kwenye fremu ya ghorofani Kariakoo. Jina siliweki, kwa sababu akaunti anazibadilisha mara kwa mara, na fremu yenyewe anachangia na watu wa simu ambao hawahusiki na mambo yake. Mtamjua kwa mwenendo. Tangazo lake halikosi video fupi: gemu linachezwa, pembeni kuna kidirisha cha joto la prosesa, nyuzi 66, 68, halivuki 70. Chini kaandika kwamba mashine imepozwa kitaalamu na haipati moto hata ukesha nayo. Bei yake iko chini ya wenzake kidogo tu, haitii shaka.

Mdogo wangu kanunua moja kwake. Prosesa Core i7-9750H, kadi ya picha GTX 1660 Ti, mzigo wa Dubai, milioni moja na laki saba. Dogo kazi yake ni kuhariri video za harusi, gemu ni la jioni akishamaliza. Dukani wakamfungulia GTA V, akaendesha gari mitaani dakika kadhaa, joto 67, feni kimya. Akalipa kwa namba ya simu ya mtu binafsi, akapewa risiti ya kuandikwa kwa mkono yenye muhuri wa "bidhaa ikishauzwa hairudishwi".

Kazini ndipo mambo yakaonekana. Video ya sendoff ambayo laptopu yake ya zamani ilikuwa inaitoa vizuri tu, hii mpya inajikokota. Nikafungua HWiNFO, programu inayosoma joto na kasi ya mashine, nikaangalia kasi badala ya joto. Viini vyote sita vya prosesa (vile vitengo vyake vinavyofanya kazi) vimeganda kwenye gigahezi 2.6, ukiipa kazi ndogo 2.6, ukiipa kazi kubwa 2.6. Prosesa hiyo 2.6 ndiyo kasi yake ya chini ya kuahidiwa. Ikibanwa na kazi inatakiwa kupanda, na kiini kimoja kinaweza kufika 4.5. Hii haikuwa inapanda kabisa.

Mchezo wenyewe hauhitaji ufundi wowote. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows kuna sehemu ya kuweka kikomo cha juu cha prosesa, kwa kawaida ni asilimia 100. Ukiandika 99, Turbo Boost, yaani ule uwezo wa prosesa kupanda juu ya kasi yake ya kuahidiwa, inazimika yote. Unaona kama umepunguza asilimia moja, kumbe umekata karibu nusu ya kasi uliyolipia. Joto nalo linaporomoka, kwa sababu kasi ya juu inataka volteji ya juu, na umeme unaoliwa unapanda kwa mraba wa volteji. Ndiyo maana video yake inaonyesha nyuzi 67 na kamera haishuki mpaka kwenye mstari wa kasi. Angalieni tena matangazo yake, kidirisha kimekatwa pale pale. GTA V nayo ni gemu la 2015 kwenye kompyuta, kwa gigahezi 2.6 linachezeka bila mtu kugutuka.

Niseme wazi kwamba kuweka 99 siyo dhambi. Mimi mwenyewe nimewawekea watu wanaofanyia kazi vyumba visivyo na feni, na mashine zao zinadumu. Ubaya ni kuifanya kimyakimya, halafu unamuuzia mtu kwa bei ya gigahezi 4.5 huku ukijisifu kwamba umeipoza.

Tukairudisha 100, tukawasha Cinebench R23, programu ya kuishindilia prosesa kazi ili kuipima. Haikumaliza dakika moja joto likagonga 100, ambao ndio ukomo wa prosesa hiyo. Ikifika hapo inajishusha yenyewe isiungue, na ilijishusha mpaka chini hata ya ile 2.6. Feni zikalia kama jenereta. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwepo siku zote, na ile 99 ilikuwa shuka la kuufunika.

Tulipofungua kifuniko cha chini, mimi na fundi mmoja ninayemwamini, tulikuta haya. Skrubu moja ya zile nne zenye springi zinazokandamiza bamba la shaba juu ya prosesa haipo. Pesti, ile dawa ya kupitisha joto kutoka kwenye chipu kwenda kwenye bamba, imepakwa nje ya chipu kuliko juu yake, nyeupe, imekauka na kupasuka. Pedi za joto juu ya chipu za kumbukumbu zimebadilishwa, na aliyebadilisha kaweka nene kuliko za kiwandani. Hilo la pedi wengi hawalijui, na ndilo lililoniudhi zaidi. Bamba la shaba linalala juu ya prosesa, kadi ya picha na chipu za kumbukumbu kwa pamoja. Pedi ikizidi unene hata nusu milimita, bamba zima linainuka, na pale kwenye prosesa panabaki mwanya. Hapo hata upake pesti ya bei gani, joto halina njia ya kutokea. Feni ya kushoto nayo ni ya modeli nyingine, imeshikizwa kwa gundi.

Dogo akampigia. Jibu la kwanza: "Boss wangu, Dar joto, hizi mashine zote zinachemka." Hapo kuna ukweli nusu, na ndio unaowanasa watu. Ni kweli hewa ya chumba ikipanda nyuzi kumi, prosesa nayo inapanda karibu hizo hizo. Ni kweli pia kwamba laptopu nzima ya gemu ikishindiliwa kazi inaweza kukaa 85 mpaka 95 na isiwe mbovu. Msije mkakataa mashine nzuri kwa sababu tu imegusa 90. Lakini kufika 100 ndani ya dakika moja, kisha kasi ikaanguka chini ya kiwango cha kuahidiwa, hilo halina uhusiano na Februari ya Dar.

Jibu la pili: eti alikuwa ameishusha volteji ili isichemke, sisi ndio tumeivuruga. Programu ya ThrottleStop, inayoonyesha mipangilio ya prosesa, ilionyesha punguzo la volteji ni sifuri na sehemu ya kulibadilisha imefungwa. Mashine nyingi za Intel za miaka hiyo zilifungiwa hilo kwa masasisho ya BIOS (programu ya msingi inayoiwasha kompyuta) baada ya udhaifu wa usalama ulioitwa Plundervolt kutangazwa Desemba 2019. Kwa hiyo muuzaji akikwambia kashusha volteji, mwombe afungue programu akuonyeshe namba. Akianza kutafuta maneno, ondoka.

Jibu la tatu ndilo biashara yake ya pili. "Ilete nikufanyie sevisi, laki moja na nusu, naweka metali ya maji, itakuwa baridi kama friji." Wapo waliokubali. Mmoja wao alituletea yake baadaye, na ndani kulikuwa na pesti ya kijivu ya kawaida kabisa, ya sindano ya bei poa. Kwa kweli ana bahati. Metali ya maji ya kweli, inayowekwa badala ya pesti, ni mchanganyiko wenye galiamu, inapitisha umeme na inakula alumini. Tone moja likitoka kwenye chipu na kuingia kwenye vifaa vidogo vya pembeni, bodi imekufa. Ikigusa bamba la alumini, bamba linaoza. Kuna kampuni zinaitumia kiwandani, ila zinaweka kinga kuzunguka chipu na bamba linakuwa limeandaliwa. Mtu aliyeshindwa kurudisha skrubu ya nne msimpe galiamu.

Kwa anayekwenda kununua laptopu ya gemu ya mtumba, kwake au kwa mwingine yeyote, beba flashi yenye HWiNFO na Cinebench R23. Zote zinafunguka bila kusakinishwa. Muuzaji akisema haruhusu flashi ya mteja kwa kuogopa virusi, mwambie azipakue mwenyewe mbele yako. Kabla ya kuwasha chochote ingia kwenye mipangilio ya umeme uone kama imeandikwa 100, na uangalie kona ya saa kwenye skrini kama kuna programu imejificha pale inayobana prosesa. Kisha acha Cinebench izunguke zile dakika kumi zake huku ukitazama joto na kasi kwa pamoja. Joto peke yake ni namba ya kumfurahisha mteja. Nyuzi 92 kwa gigahezi 3.5 ni mashine nzima. Nyuzi 68 kwa 2.6 isiyosogea ni mashine iliyofichwa kitu. HWiNFO ina mstari unaokwambia kama prosesa imejishusha kwa ajili ya joto, utazame mpaka mwisho wa jaribio.

Usikubali kujaribu kwenye betri. Kisingizio cha umeme kukatika mmeshakizoea, na kwa mji huu mara nyingine ni kweli, lakini laptopu ya gemu ikiwa kwenye betri inajipunguzia nguvu yenyewe, kwa hiyo joto halitapanda na wewe hutajua kitu. Subiri umeme urudi au njoo siku nyingine.

Chaja nayo isomeni. Geuza kile kitofali, tafuta volti na ampea za kutoa, zidisha. 19.5 mara 11.8 ni wati 230. 19.5 mara 6.15 ni wati 120 tu. Mashine iliyotoka kiwandani na chaja ya 230 ukiipa ya 120, zipo zitakazojibana zenyewe, na zitakuwa baridi vizuri sana. Dogo alipewa ya 120. Tuligundua mwishoni kabisa, tulipotafuta chaja sahihi ya modeli yake.

Wakati jaribio linaendelea weka kiganja kwenye matundu ya kutolea hewa. Pande zote ziteme hewa ya moto. Upande usiotoa hewa feni yake imekufa. Na kama programu inasoma 100 lakini hewa inayotoka ni ya uvuguvugu tu, joto halifiki kwenye mabomba ya shaba, maana yake bamba halijakaa au bomba limekunjwa.

Kwenye malipo, dai risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi), iandikwe modeli na namba ya utambulisho ya mashine (serial number), na muda wa majaribio uandikwe pale pale. Ule muhuri wa hairudishwi usiwatishe. Tume ya Ushindani ipo kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya 2003, na kumdanganya mteja kuhusu ubora wa bidhaa ni jambo wanalolipokea. Sisi tumepeleka malalamiko yenye video ya tangazo, picha za ndani na matokeo ya vipimo. Pesa haijarudi mpaka naandika haya.

Mashine tumeitengeneza wenyewe: skrubu, pedi za unene sahihi, pesti ya MX-4 kutoka duka tunalolijua, feni moja na chaja. Gharama yake ukijumlisha na bei aliyotoa, dogo angepata nyingine nzima na chenji ya kununulia kipanya (mouse). Sasa inakaa kwenye 87 kwa gigahezi 3.4 kazi ikiwa imeshindiliwa, na harusi zinatoka kwa wakati.

Kama umeuziwa na mtu wa mwenendo huu, usimpelekee mashine "akuangalizie" kabla hujaipiga picha ndani na nje, maana wapo waliobadilishiwa RAM na SSD kwenye hizo sevisi. Hifadhi video ya tangazo leo. Yangu niliirekodi skrini asubuhi, jioni ilikuwa imeshafutwa na ile ile picha ya laptopu imepandishwa kwenye akaunti nyingine kwa bei ya milioni moja na laki sita.