Lenzi ya milimita 35 au ya 50 kwa picha za mitaani?
Mpiga picha wa kujifurahisha anayetaka kubeba lenzi moja tu mtaani kwa kawaida husita kati ya ile ya milimita 35 na ile ya milimita 50 (namba hiyo ni urefu wa fokasi: ikiwa ndogo, lenzi huona eneo pana zaidi). Kwenye kamera yenye kihisi (sehemu inayonasa mwanga) kikubwa cha milimita 36 kwa 24, ya kwanza huona upana wa nyuzi 54 hivi, na ya pili nyuzi 40. Tofauti hiyo hudhihirika katika vichochoro vya Mji Mkongwe, Zanzibar, ambako ukuta hukuzuia kurudi nyuma hata hatua mbili: kwa 35 utawapata wazee walioketi barazani pamoja na mlango wa nakshi ulio nyuma yao, ilhali 50 itakulazimisha uchague ama uso ama mlango. Lakini 35 hudai umsogelee mtu, na anayesogelewa hivyo anastahili kwanza salamu, kisha ombi. Kwa hilo 50 ina nafuu, na Henri Cartier-Bresson, mpiga picha Mfaransa maarufu kwa picha za mitaani, aliitumia katika sehemu kubwa ya kazi yake. Mwenye kamera ya kihisi kidogo cha aina ya APS-C akumbuke kwamba 35 yake huona karibu sawa na 50 kwenye kihisi kikubwa. Mimi ningeanza na 35 kwenye kihisi kikubwa, hasa katika msongamano wa soko la Darajani.