Kurzarbeit ya Ujerumani naipa nyota 4 kati ya 5

Kwa mliofika Ujerumani juzijuzi au mnajipanga kuja kufanya kazi, kuna huduma ya serikali ambayo watu wengi hawaijali mpaka siku kampuni ikose oda, inaitwa Kurzarbeit, yaani kazi ya masaa pungufu. Iko hivi, uchumi ukiyumba mwajiri hakufukuzi, anakupunguzia masaa na kukulipa yale uliyofanya tu, halafu shirika la ajira la serikali linakufidia asilimia 60 ya ile hela ya mkononi uliyopoteza, ukiwa na mtoto 67. Chukua mfano ulikuwa unapokea yuro 1,600, sasa umebaki na 900, pengo ni 700, unaongezewa 420 unafika 1,320. Mwenye mtoto anaongezewa 469. Pango linalipika na mkataba wako bado uko hai, na kwa sisi tuliokuja kwa viza ya kazi huo mkataba una uzito kuliko hata hela.

Huhangaiki na maombi, mwajiri ndo anapeleka kila kitu, wewe unaona tu mstari mpya kwenye slipu ya mshahara.

Ninachoipendea zaidi ni kwamba haisubiri bunge libishane kwanza. Uchumi ukiwa mzuri kila mwezi unakatwa bima ya ukosefu wa ajira, asilimia 2.6 ya mshahara, nusu yako nusu ya mwajiri, mfuko unajaa, mambo yakiharibika hela inatoka. Mwaka 2009 uchumi wa Ujerumani ulishuka zaidi ya asilimia 5 lakini ukosefu wa ajira ulipanda kidogo sana. Korona ilivyoingia, Aprili 2020, watu karibu milioni 6 walikuwa humo, akiba ya kama yuro bilioni 26 ikaliwa yote ikabidi serikali kuu iongezee. Mwezi huohuo Marekani ukosefu wa ajira ulipita asilimia 14, wao walituma cheki za dola 1,200, zilisaidia kweli, ila cheki haikurudishi kazini.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya watu wa minijob, yaani vibarua vidogo vya malipo ya chini. Hawachangii hiyo bima kwa hiyo hawapati hata senti, na migahawa ilivyofungwa 2020 wao ndo walitolewa mwanzo, wanafunzi na kina mama wengi, na hilo linaniuma mpaka leo. Halafu asilimia 60 ya mshahara mdogo ni kidogo mno, wakati wa korona walipandisha mpaka 80 ila kuanzia mwezi wa saba wa kulipwa fidia, mtu ashakopa kila kona.

Na kodi jamani. Fidia yenyewe haikatwi kodi ila inapandisha kiwango cha kodi kwenye mshahara wako uliobaki, ukipokea zaidi ya yuro 410 kwa mwaka lazima ujaze ritani ya kodi na unaweza kudaiwa, kwa hiyo weka kitu pembeni. Na ukipewa kuchagua kati ya minijob na mkataba wenye bima, hata kama mkononi unaacha kidogo, chukua wenye bima.