Fyuzi au sakiti breka? Nilichofunga kwenye RV-9A yangu

Kwenye RV-9A yangu, ndege ndogo ya kujijengea, nimefunga fyuzi badala ya sakiti breka, yaani swichi inayojikata umeme ukizidi na kurudishwa kwa kidole. Ni hizi bapa za magari, zenye plastiki ya rangi: nyekundu ampia 10, bluu 15, njano 20. Nimeruka nazo misimu kadhaa na sina mpango wa kuzibadilisha, ingawa kuna laini mbili za umeme nilizoziwekea breka kwa makusudi.

Bei kwanza. Breka ya ndege, ile ya kitufe cha kuvuta, hapa Marekani ni kama dola 30 moja. Ukiwa na laini ishirini, piga hesabu mwenyewe. Fyuzi ni za senti tu, tena duka lolote la vipuri vya magari wanazo.

Ila kilichonivuta si bei, ni tabia yetu marubani. Breka ikiruka, kidole kinawasha kuirudisha. Julai 2007, kule Sanford, Florida, Cessna 310 iliangukia nyumba za watu, wakafa watano. Siku moja kabla, rubani mwingine alisikia harufu ya kuungua, akavuta breka ya rada ya hali ya hewa, harufu ikakata. Rada haikutengenezwa, na wachunguzi waliona huenda breka ile ilirudishwa. Fyuzi zangu ziko nyuma ya dashibodi, upande wa abiria. Hewani sizifikii, wala sitaki kuzifikia. Ikikatika, nitaitafuta hitilafu nikishatua.

Halafu fyuzi ni ya kulinda waya, si redio. Waya mwembamba wa geji 22 naupa ampia 5, ule mnene zaidi wa geji 18 naupa 10. Shoti ikitokea, fyuzi hukatika mapema kuliko breka ya joto, ile inayosubiri ipate moto ndipo iruke.

Breka nilizobakiza ni ya fildi ya alternata (koili inayoiwezesha kuzalisha umeme) na ya trimu ya umeme (mota inayosawazisha pua ya ndege). Volti zikipanda kupita kiasi, kifaa cha ulinzi hupiga shoti ya makusudi ili breka ya fildi iruke. Trimu nayo ikianza kwenda yenyewe, nataka kitu cha kuvuta papo hapo.

Lawama ninayo. Niliagiza mtandaoni pakiti ya fyuzi za bei chee, nikazipima mezani kabla ya kuzifunga. Ya ampia 5 niliipitishia 10. Inatakiwa ikatike ndani ya sekunde chache. Hii ikakaa tu, plastiki ikaanza kulainika. Pakiti nzima ikaenda jalalani. Nunueni za chapa inayoeleweka.

Injini yangu ni Lycoming yenye magneto, zinazojitengenezea cheche bila betri, umeme wote ukizima bado inazunguka. Mwenye injini inayopata mafuta na cheche kwa elektroniki asininakili hivi hivi, kwake fyuzi moja inaweza kuzima injini.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeinyima kwa kulala chali chini ya dashibodi, tochi mdomoni, nikitafuta ipi imekatika. Safari ijayo nitafunga zile zenye kitaa kinachowaka zikiungua.