Umri kutoka doa la damu: pairosikwensi au SNaPshot?

Pairosikwensi na SNaPshot ni njia mbili za kukadiria umri wa mwenye damu kwa kupima methili, alama ndogo za kikemikali kwenye DNA zinazobadilika mtu anavyozeeka. Zote mbili huanzia pamoja: DNA hutiwa kemikali ya bisalfaiti ya sodiamu, saitosini (herufi C ya DNA) isiyo na methili ikageuka urasili (U), yenye methili ikabaki ilivyo. Hapo ndipo sampuli nyingi huharibika, maana bisalfaiti hukatakata DNA. Pima kilichobaki kabla ya PCR, yaani kunakili DNA mara nyingi.

Pairosikwensi hutoa asilimia ya methili ya kila CpG (mahali C inapofuatwa na G), tena kwa usahihi mzuri. Tatizo ni ulafi wake wa DNA: alama tano za umri, yaani jeni ELOVL2, FHL2, KLF14, TRIM59 na C1orf132 kwa kawaida kila moja hutaka PCR yake, yenye praima (kipande kifupi cha DNA kinachoanzisha kunakili) ya bayotini. Sampuli hugawanywa mara tano.

SNaPshot husoma zote tano kwa mkupuo, kwenye mashine ileile ya kapilari inayosoma STR (vipande vya DNA vinavyojirudia, vya kutambulia watu). Kasoro yake ni rangi: kila herufi ya DNA ina rangi yake, na bluu ya G hung'aa kuliko kijani ya A, hivyo asilimia huegemea upande mmoja. Basi usiingize namba zake kwenye fomula ya pairosikwensi, umri utapotoka.

Sampuli ikiwa haba, SNaPshot, irudiwe mara mbili au tatu. Kosa la wastani katika damu ni kama miaka 3 hadi 5, na huongezeka kwa wazee. (Shahawa ina alama zake, kama TTC7B.)