Kadi ya picha kwa kompyuta ya mtumba: fungua boksi kwanza

Habari zenu, karibuni sana. Hii hapa mezani ni Dell OptiPlex 7010, ile ndefu ya kusimama, i5 ya kizazi cha 3, RAM GB 8. Imemaliza utumishi wake ofisini huko Ulaya, ikashukia Kariakoo, na leo mashine za aina hii ndizo kompyuta za gemu za vijana wengi hapa Dar. Naulizwa kila siku: "Kaka, niweke kadi gani nicheze GTA?" Na anayeuliza mara nyingi ameshaiona kadi ya RX 580 yenye kumbukumbu ya GB 8 inauzwa bei ya kuvutia, moyo umeshahamia huko.

Subiri kidogo. Nafungua ubavu. Hiki kiboksi cha chuma huku nyuma juu ndiyo pawasaplai, ngoja nisogeze kamera msome kibandiko: wati 275. Hizo zinagawiwa mashine nzima, prosesa, diski, feni, vyote. RX 580 peke yake imepangiwa wati 185, na inataka waya wa pini 8. Nimepapasa humu ndani kote, nyaya nilizopata ni za diski tu. Waya huo haumo.

Kuna watu watakuuzia kiwaya cha kubadilisha, kichwa kimoja SATA, kile cha umeme wa diski, kingine pini 6 cha kadi. Nakuomba usikiweke. Kichwa cha SATA kimeundwa kubeba wati 54 kwenye volti 12, wakati kadi ina haki ya kuvuta wati 75 kupitia pini 6. Niliwahi kuletewa kimoja kimeshayeyuka, plastiki imegandana na pini, na mwenye mashine alikuwa analala chumba hichohicho.

Sasa angalieni sloti hii ndefu ya kuchomekea kadi, PCIe x16. Yenyewe inaweza kuipa kadi hadi wati 75 bila waya wa ziada. Kadi zinazotosheka na hizo ndizo za kwetu, na mimi naziona tatu.

Ya kwanza ndiyo hii niliyoshika, GTX 1650. Ilitoka 2019, ina GB 4, wati 75. Ukiinunua iliyotumika, igeuze uangalie ukingo wake wa juu, kwa sababu zipo 1650 zenye tundu la pini 6, na hizo bila waya haziwaki. Hii yangu ukingo ni mtupu, mnaona? Nimeichomeka kwenye OptiPlex hii, GTA V kwa 1080p, mipangilio ya juu, natembea kwenye fremu 60 hivi kwa sekunde. Nikiingia katikati ya mji inashuka kidogo, na hapo anayehema ni prosesa, kadi bado ina pumzi.

Ya pili ni RX 6400, inakula wati 53 tu. Ukiisoma kwenye karatasi utaipenda, lakini inaongea na mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, kwa njia 4 tu za PCIe. Kwenye kompyuta mpya yenye PCIe 4.0 hilo halisumbui sana. Kwenye hizi zetu za PCIe 3.0 njia inabana nusu yake, na zile GB 4 zikijaa, gemu linaanza kugandaganda. Halafu haina sehemu ya kurekodi video, kwa hiyo wewe unayetaka kurusha gemu zako mtandaoni, kazi yote itamwangukia prosesa ambaye tayari amechoka. Ila kama boksi lako ni lile jembamba la kulala, lenye nafasi ya kadi fupi ya unene wa sloti moja, chukua 6400 bila kusitasita. 1650 fupi nyingi ni nene, zinakula sloti mbili.

Ya tatu, kwa mwenye uwezo wa kununua mpya: RTX 3050, lakini ile ya GB 6 iliyotoka 2024. Wati 70, nyingi hazina tundu la waya. Angalia boksi vizuri, maana ya GB 8 ni kadi nyingine, inavuta wati 130. Kwenye i5 hii hutaona nguvu zake zote. Utakapobadilisha mashine mwakani unaihamisha nayo, kwa hiyo pesa haijapotea.

Na wanaoing'ang'ania RX 580? Kwenye 7010 hii ya kusimama inawezekana, kwa sababu mazabodi yake inatumia kichwa cha kawaida cha pini 24, unaweka pawasaplai nyingine ya maana. Basi jumlisha bei zote mbili ndipo ulinganishe. Mwenye OptiPlex 9020 asikurupuke, Dell walibadilisha kichwa kikawa cha pini 8 za kwao, utahitaji adapta.

Jambo moja linaniuma. Mdogo wangu aliuziwa "GTX 1050 Ti" kwenye duka moja, akaja nayo nyumbani anacheka. Ilikuwa na tundu la VGA, lile la bluu. Nikashtuka palepale, kwa sababu chipu halisi ya 1050 Ti haitoi VGA. Tukafungua GPU-Z, programu ya bure inayosoma chipu iliyomo kwenye kadi, ikaandika FAKE mbele ya jina. Ndani ilikuwa chipu ya GTS 450, kadi ya 2010, imebadilishwa jina kwa programu. Alikuwa ameweka akiba miezi minne yule mtoto. Nendeni dukani na GPU-Z kwenye flashi, ombeni kadi iwashwe mbele yenu kabla hamjatoa hela. Muuzaji akikataa, ondokeni.

Haya, nimeshafunga skrubu. Kebo ya skrini ichomeke kwenye kadi yenyewe, huku chini, usiirudishe kwenye tundu la mazabodi. Hapo chini kwenye maoni niandikie modeli ya mashine yako na wati zilizo kwenye kibandiko cha pawasaplai, nitakujibu kadi gani inakufaa.