Herufi tatu za mama, na ya katikati wameamua wao

Naandika maoni haya ya duka la kudarizi nikiwa na hasira bado, ingawa hasira yenyewe imeshageuka mara mbili tatu tangu siku ile. Msishangae nikianza kwa kuwatukana watu wake nikamaliza kwa kuwasifia.

Nilitaka kisanduku cha kumbukumbu cha mama. Sio vile vya plastiki vya madukani vyenye kioo ndani. Nilitaka cha kuwekea kisutu chake cha harusi, picha mbili za studio zilizoanza kunatana, na ile pete isiyomwingia tena kidoleni ila hataki kusikia habari ya kuiuza. Mbao nikamalizana nazo Keko: fundi akanitengenezea kisanduku cha mninga, kifuniko akakiacha bila vanishi kwa sababu juu yake ingepita mahameli ya kijani yenye herufi za jina la mama kwa uzi wa dhahabu. Alichelewa wiki nzima. Kwa Keko hiyo ndiyo saa yenyewe, wala sikununa.

Kazi ya herufi nikaipeleka Kariakoo, duka la ghorofani linalodarizi kwa mashine za kompyuta, hawa wanaopiga nembo za sare za shule na kofia za makampuni. Jina la duka silitaji, nina amani yangu ya kulinda.

Kaunta alikaa mama mtu mzima. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, macho yapo kwenye simu. Nikampa karatasi niliyoandika kwa herufi kubwa zinazosomeka hata na mtoto wa chekechea: Z H M. Z ni jina lake, Zuhura. H ni la baba yake. M ni la babu yake. Ndivyo tunavyoandikwa sote kwenye vitambulisho. Akanionyesha mitindo, nikachagua ule wenye mikia mikia, herufi ya katikati kubwa, za pembeni ndogo. Nikalipa nusu. Njoo Alhamisi. Au alisema Ijumaa, sikumbuki, maana nilikwenda mara tatu, na mara mbili za mwanzo niliambiwa umeme.

Mara ya tatu kitambaa kikatoka kwenye mfuko. Z, M, H. Na M yenyewe limejaa katikati, linang'aa.

"Mama, hizi herufi zimehamishwa."

Akakivuta kitambaa, akahesabu kwa kidole. Naapa alihesabu. "Si zote tatu zipo? Imepungua ipi?"

Nikamwambia haijapungua hata moja, ila nimeandika Z H M na hapa naona Z M H.

"Ndivyo zinavyokaa hizo. Ukoo unakaa katikati. Mnapenda vitu vya Kizungu halafu hamvijui." Akarudi kwenye simu yake.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuwa amesema uongo. Nilikuja kuulizia baadaye. Kwa desturi ya huko, herufi tatu zikidariziwa na ya katikati ikawa kubwa, ile kubwa ni ya jina la ukoo. Jina la mtu linakaa kushoto na jina lake la kati kulia. Zikilingana zote ukubwa ndipo zinafuatana kama kawaida. Haya. Lakini ukoo gani kwetu? Huyo M ni mzee ambaye mama hakuwahi hata kumwona, alifariki kabla yeye hajazaliwa. Leo kakaa katikati ya mahameli kama bwana harusi, na babu yangu aliyemlea mama, akamsomesha, kasogezwa pembeni kama mpambe. Swali moja tu lingetosha: "Mwanangu, ipi iwe kubwa?" Hakuniuliza.

Nikaomba nionane na aliyedarizi. Kijana mdogo, masikioni kashindilia pamba kwa kelele za zile mashine. Akanionyesha karatasi aliyopewa. Haikuwa yangu. Mama wa kaunta alikuwa ameziandika upya kwa mkono wake, Z M H, yangu sijui aliipeleka wapi. Yaani alinisahihisha, jina la mama yangu mzazi!

"Dada, mimi nafuata kilichoandikwa," kijana akasema, sauti ya chini.

Na hapa ndipo nyota zangu zinaponichanganya, maana kazi ya yule kijana ni kazi. Mahameli ina manyoya. Ukiidarizi hivihivi uzi unazama ndani na herufi inatoka kama imeliwa na panya. Yeye aliweka karatasi ngumu chini ya kitambaa, na juu akatandika plastiki nyembamba ya kuyeyuka kwa maji, ile sindano ipite juu yake na uzi ubaki umesimama. Akimaliza anaichana, mabaki anayafuta kwa kitambaa chenye unyevu. Nilipitisha ukucha ukingoni mwa Z: hakuna hata unyoya mmoja uliochungulia, hakuna nyuzi zinazoning'inia kutoka herufi moja kwenda nyingine. Na alikuwa ameacha kitambaa cha ziada pande zote cha kukunjia chini ya kifuniko, bila kuambiwa. Kofia ya kushonwa kwa mkono inamla mtu miezi, naelewa kwa nini watu wanadharau mashine, lakini mashine ikimpata mtu kama huyu, heshima yake apewe.

Nikauliza kama zinaweza kufumuliwa. Kijana akatikisa kichwa: mahameli ukiifumua matundu yanabaki na manyoya hayasimami tena. Mama wa kaunta akadakia kutoka kule, "Lete kitambaa kingine, ulipe tena." Tena! Na mimi, mjinga mimi, nikamalizia nusu iliyobaki nikaondoka. Ndani ya mwendokasi nilikuwa nimeshawapa sifuri, nimeshaandika na maneno.

Nyumbani nikabandika sponji juu ya kifuniko, nikavuta mahameli, nikakunja, nikagundisha. Nililala bila kukitazama.

Siku ya Idd nikampa mama, maelezo ya kuomba radhi nimeshayapanga kichwani. Akafuta mikono kwenye kanga, akapitisha kidole kwenye herufi moja moja, taratibu.

"Zuhura," akasema. "Mama Hadija."

Nikanyamaza. Mtaa mzima unamwita hivyo, Mama Hadija, tangu sijazaliwa. Lile M kubwa kalisoma Mama, na kwake hapakuwa na kosa lolote. Akamwita jirani aje aone mwanawe alivyomwandika. Mchana kutwa kisanduku kilikaa mezani karibu na sinia la biriani na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa.

Sasa niambieni nitoe nyota ngapi. Kijana nampa tano. Duka nilitaka kulipandisha mpaka nne kwa ajili ya uso wa mama siku ile, nikakumbuka "imepungua ipi?" nikashuka mpaka mbili. Labda tatu. Mama wa kaunta sifuri yake iko palepale, hata kama kosa lake ndilo lililomfurahisha mama, maana hakukusudia.

Na kuna hili jingine. Hadija ni dada yangu mkubwa. Hakutoa hata mia ya gundi. Mimi ndiye niliyezunguka Keko na Kariakoo, nikabishana, nikalipa, na herufi yake ndiyo imo kwenye kisanduku. Juzi kanipigia, anacheka, anataka nimwelekeze duka naye akadarizi mto wa mtoto wake.

Nimemwelekeza. Nimemwambia akifika ampite mama wa kaunta moja kwa moja, karatasi ampe kijana mkononi.